Sakafu ya Wembe

Sakafu iliinuka asubuhi, saa tatu hivi, kwa mlio kama wa mtu aliyevunja ubao kwa goti. Mama Pindo alikuwa uani akianika gauni la mteja. Alitupa vibanio, akaingia mbio, akamkuta wifi yake amesimama katikati ya sebule na tambara la deki mkononi, ndoo imekaa miguuni pake, macho yamemtoka pima.

Mbao zilikuwa zimenyanyuka kuanzia kizingiti cha chumba cha kulala mpaka karibu na cherehani. Zilikuwa zimeegemeana vichwa kama fahali wawili wanaosukumana, na kimo chake kilimfika mtu katikati ya muundi. Zile za pembeni bado zilikuwa zikilia, tik, tik, kana kwamba nazo zinajiandaa.

"Umefanya nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Sijafanya kitu, wifi. Nilikuwa napiga deki tu. Imelia paa! Nikaruka pembeni."

"Na ndoo nzima ya maji! Nimekwambia mara ngapi kwamba mbao si saruji?"

"Tambara nimelikamua. Lishike uone."

Mama Pindo hakulishika. Alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi, alikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza kabla ya Ijumaa, na sasa katikati ya nyumba yake palikuwa na kilima. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alisema mambo ya wiki ile, kisha ya mwezi uliopita, kisha yakafuata ya miaka mitatu nyuma, na mwisho akasema lile ambalo hata yeye hakujua kwamba alikuwa nalo kifuani.

"Tangu uje humu ndani hakuna kinachosalimika. Kazi yako kula na kuharibu."

Wifi aliweka tambara chini taratibu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpana wa mabega. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na meza yake ya matunda sokoni, na wateja wake. Aliiacha siku kaka yake alipopigwa na kiharusi, kwa sababu Mama Pindo mwenyewe alimfuata akilia kwamba hawezi kumbeba mtu mzima peke yake.

"Mimi nakula, wifi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Halafu akageukia mlango wa chumba. "Kaka, umesikia? Mwambie basi. Umeniona nilivyokuwa nadeki."

Mlango ulikuwa wazi. Kaka mtu alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mito, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Zamani alikuwa seremala, na watu walimwita Wembe, kwa kuwa alizoea kujisifu kwamba kwenye maungio yake hata wembe haupiti. Sakafu ile aliiweka yeye, mwaka mmoja kabla ya kuugua, kwa mbao alizozichagua moja moja. Sasa aliitazama kwa muda mrefu, kutoka kizingitini hadi kwenye cherehani. Akamtazama dada yake. Kisha akafumba macho.

Wifi aliiacha ndoo pale pale. Aliingia chumba cha nyuma, na baada ya robo saa akatoka na begi lake. Aliuruka mgongo wa sakafu kwa hatua moja, akapita, akaenda zake. Mama Pindo alijua kwamba akimwita wakati ule angerudi. Lakini ulimi ulimwia mzito, na sare zilikuwa zinamngoja.

*

Mtu mwenye miguu yake angeiona sakafu ile kuwa ni kero tu. Unainua mguu, unavuka. Lakini Wembe alitembea kwa kiti cha magurudumu, na kilima kilianzia pale pale kizingitini. Kwa hiyo chumba cha kulala kiligeuka gereza lake. Choo kikawa ndoo. Kuoga kukawa beseni na kitambaa. Mama Pindo alijaribu kumnyanyua kama wifi alivyokuwa akimnyanyua, kwa kumkumbatia kifuani na kumzungusha, na mara ya kwanza tu wote wawili wakaanguka juu ya godoro. Wakabaki pale wakihema, nyuso zimekaribiana, na hakuna aliyecheka.

Lililomuuma Wembe zaidi lilikuwa kukosa mazoezi. Kila Jumanne na Alhamisi Wembe alipelekwa zahanati kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Wiki moja kabla ya mkasa huu alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza, ameshikilia vyuma viwili, mpaka mhudumu akahesabu kumi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiinua vidole vyote vya mkono wa kushoto, anavikunja, anaviinua tena, kumwonyesha mkewe kumi ni ngapi.

Alipokosa mara mbili, Mama Pindo alipiga simu.

"Akikosa mara nne mfululizo nafasi anapewa mwingine," mhudumu alimwambia. "Foleni ni ndefu, mama."

"Najua, mwanangu. Ni sakafu ndiyo imeinuka."

"Nini kimeinuka?"

"Sakafu. Ya mbao. Kiti hakipiti."

Akasikia mhudumu akimwambia mtu pembeni, "Eti sakafu," na kicheko kikafuata. "Mama, kila mtu ana sababu yake. Mlete Jumanne."

Jumanne ile aliwaomba jirani yao mwenye gereji na shemeji yake waje wamsaidie. Walikuja na mikono yao ya mafuta na moyo mweupe. Walikinyanyua kiti na mtu wake juu kama wanahamisha kabati. "Mzee umenenepa kwa kulala tu!" mwenye gereji alitania, na Wembe akatabasamu upande mmoja wa mdomo, upande uliobaki. Katikati ya kilima ubao ulikatika chini ya mguu wa shemeji. Kiti kikalala upande. Wembe akateremka kama gunia, uso ukatangulia, akabaki kifudifudi juu ya mbao zake mwenyewe, shati limepanda mgongoni na nepi yake ya watu wazima iko nje mbele za wanaume wawili.

Walimrudisha kitandani kwa haraka. Mlangoni mwenye gereji alisema, "Mama Pindo, tafuta fundi. Sisi tutamuua huyu mtu," akaondoka bila kumtazama usoni.

Tangu siku ile Wembe alianza kusema. Maneno yake yalikuwa machache tangu augue, na mengi yalitoka vipande vipande, lakini hili alilishikilia kama mtu anayevuta msumari.

"Uku," alisema. "Uku... uku..."

"Huku? Huku wapi?" Mama Pindo aliacha cherehani akaja. Alimkuna bega, akamgeuza mto, akamsogeza karibu na dirisha. "Hapa? Au hapa?"

Wembe alitikisa kichwa. "Uku!" Alipiga godoro kwa mkono wa kushoto mpaka machozi ya hasira yakamlenga.

"Sasa mimi nitajuaje, jamani? Huku, huku, huku wapi?" Mama Pindo naye akapandisha sauti. Kisha akaona aibu, akamletea uji. Aliukataa.

*

Fundi wa sakafu alikuja siku ya kumi na mbili. Mama Pindo alikuwa amechukua malipo ya gauni la bibi harusi ambalo hata kitambaa chake hakijakatwa, lakini hakutaka kuliwaza hilo. Fundi alikuwa kijeba mchangamfu, mwenye penseli sikioni, anayepiga mluzi akifanya kazi. Hakuwa mtu wa mtaa ule, wala hakujua nani anaishi pale. Aligongagonga mbao kwa mpini wa nyundo, akainama, akazinusa kama mtu anayekagua samaki.

"Nani kakwambia ni maji ya deki?"

"Ilinyanyuka wakati wanadeki."

"Basi tu siku yake ilikuwa imefika." Aling'oa ubao mmoja, akaugeuza mbele yake. "Pitisha kidole hapa juu. Pakavu, sivyo? Haya, pitisha chini."

Chini palikuwa peusi, na pa baridi kama tumbo la chura.

"Unyevu umetoka chini, mama. Mvua za mwaka huu umeziona mwenyewe, na huo mtaro wenu wa nje umeziba, maji yametuama chini ya nyumba. Mbao ikinywa maji inavimba. Ikivimba inatafuta pa kwenda. Hayo ni maumbile yake, huwezi kuigombeza. Sasa ngoja nikuonyeshe ugonjwa wenyewe."

Akaenda ukutani, akabandua ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Nyuma yake mbao za sakafu zilikuwa zimegusa ukuta barabara, zimebanwa kwa msumari kila baada ya shubiri. Fundi alijaribu kuingiza ncha ya kisu, ikakataa. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda kitendawili.

"Njoo uone maajabu! Hapa ilitakiwa kidole kizima kipite, pande zote nne, ili mbao ipumue. Huyu bwana kaziba kabisa. Hata wembe haupiti!"

Mama Pindo aligeuka kutazama nyuma. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, haukufungwa.

"Nani aliweka hii?" fundi aliuliza, sauti yake inajaza nyumba. "Maana mtu mwenyewe ana mkono mzuri, tazama maungio yake. Lakini kazi haijui. Ni kama mtu aliyeshona gauni zuri halafu hakuweka pa kupitisha kichwa. Nani huyu?"

Kama angesema "ni mume wangu," fundi angenyamaza, pengine angeomba radhi. Mama Pindo alilijua hilo baadaye, alipolirudia kichwani kila siku. Lakini wakati ule aliona kicheko tu, na mtu wake yuko nyuma ya mlango, na akataka kumficha.

"Simjui," alisema. "Nyumba tuliikuta hivi hivi."

"Basi mlikuta balaa," fundi akasema, akashika msumeno.

Chumbani springi za kitanda zililia mara moja.

Alipoingia baadaye, fundi alipotoka kwenda kununua misumari, Mama Pindo alimkuta Wembe anatazama dari. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Wakati huo huo, kana kwamba kuna mtu aliyemnong'oneza, akaelewa.

"Ukuta," alisema. "Ulikuwa unasema ukuta. Siku zote hizi."

Wembe hakugeuka.

"Nilisema vile ili asikucheke, mume wangu. Yule hakujui. Anaingia, anatoka, kesho amesahau. Unanisikia?"

Alimshika mkono wa kushoto, ule mzima. Ulikuwa mzito na hauna jibu, kama ule wa kulia. Kuanzia siku hiyo Wembe hakusema tena "uku", wala neno lingine lolote. Na Mama Pindo, akiwa amekaa pale, likamjia jambo la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mtu aliyejua ukuta, alijua tangu lini?

*

Kazi ilichukua siku kumi na sita. Fundi alikata mbao kando ya kuta zote nne, akazing'oa, akaziacha zikauke madirisha yakiwa wazi, mtaro ukazibuliwa, mbao zikarudishwa, zikalala. Katikati ya siku hizo simu ya zahanati ilikuja. Jina la Wembe lilikuwa limetolewa. Wamwandikishe upya, na labda baada ya miezi saba au minane wangeitwa.

Wifi alipatikana kwa dobi mmoja mkubwa anayefua mashuka ya nyumba za wageni. Mama Pindo alisimama kwenye foleni ya wateja kama mtu aliyeleta nguo, na zamu yake ilipofika akasema anamtaka nani. Mwenye duka alitazama saa. "Dakika tano. Pasi zisipoe."

Wifi alikuwa nyuma, kwenye mvuke, anakunja shuka na mwenzake. Alikuwa amepungua kidogo, na mikono yake ilikuwa na alama mbili mpya za kuungua. Alimsalimia wifi yake kwa heshima, akamvutia ndoo iliyogeuzwa akalie.

"Kaka hajambo?"

"Yupo. Wifi, nimekuja kukuomba msamaha. Haikuwa deki. Fundi amesema maji yalitoka chini, na mbao zilibanwa ukutani. Wewe huna kosa hata chembe. Nilikusema vibaya, na Mungu ananiona."

Wifi aliendelea kunyoosha pindo la shuka kwa kiganja. "Wewe nilishakusamehe kabla sijafika barabarani. Nakujua. Ukichoka, unauma. Kesho yake ungenipikia chai tukacheka."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Sikuondoka kwa ajili yako." Aliweka shuka juu ya rundo. "Kichwa cha kaka kinageuka, wifi. Mimi ndiye ninayemnyoa, najua kinavyogeuka. Nilimwomba mbele yako. Alishindwa nini kukitikisa mara moja?"

"Labda alikuwa hajajua bado."

"Wembe? Asijue mbao?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Aliitazama, akajua, akanitazama mimi. Akaona heri niondoke mimi kuliko jina lake. Nimemwosha miaka mitatu. Sikudai shukrani. Nilitaka kichwa tu kitikisike."

Mwenye duka alikohoa.

"Jumapili napumzika," wifi alisema, akachukua shuka jingine. "Nitakuja. Aniambie mwenyewe kwamba si mimi. Kwa mdomo, kwa kichwa, kwa kidole, anavyoweza. Akiniambia, begi langu nitalifuata siku hiyo hiyo. Hata hapa si kwamba ninapapenda."

*

Jumapili Mama Pindo aliamka akiwa na tumaini kama mgeni wa siku nyingi. Alimnyoa Wembe, akamkata kidogo kidevuni, akapakaza sabuni mpaka damu ikakatika. Alimvisha shati jeupe, akamtoa kwa kiti mpaka sebuleni. Magurudumu yaliteleza bila kukwama. Wembe hakuitazama sakafu.

"Dada yako anakuja," alimwambia, amepiga magoti mbele yake. "Nimekwisha kumweleza yote, hakuna jipya la kukuaibisha. Anataka jambo moja tu. Nitakuuliza, 'Ni yeye aliyeharibu?' nawe utikise kichwa. Hivi. Hebu nione."

Baada ya muda mrefu Wembe aligeuza kichwa, kushoto, kisha kulia. Mama Pindo akambusu pale pale palipokatika.

Wifi alifika mchana. Alivua viatu mlangoni. Alikuja na machungwa matano kwenye mfuko, akayaweka juu ya cherehani, akaketi kwenye stuli mbele ya kaka yake, magoti yao karibu yakigusana.

"Shikamoo, kaka."

Kichwa kiliinama kidogo.

"Umenyolewa na nani, umechinjwa namna hii?" Alitabasamu, na Mama Pindo akaona kwamba tayari amekwisha kurudi nusu. Imebaki nusu.

"Mume wangu," Mama Pindo alisema, sauti yake inatetemeka kama ya mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. "Mwambie dada yako. Ni yeye aliyeharibu sakafu?"

Wakangoja. Nje mtu alipita akiita wateja wa vyombo, sauti ikaja, ikaenda. Wembe alimtazama dada yake. Mdomo wake ulianza kufanya kazi, ukapinda, ukanyooka, koo likapanda na kushuka. Jasho lilimtoka kwenye paji. Na neno likatoka zima, safi, kuliko neno lolote alilolisema kwa miaka mitatu.

"Maji."

Tabasamu la wifi lilizimika, kana kwamba ameonyeshwa tena ile ndoo ya deki.

"Ana kiu!" Mama Pindo aliruka. "Ana kiu jamani, tangu asubuhi sijampa kitu!" Alikimbilia jikoni, akajaza kikombe, akarudi akimwagamwaga. Wifi alikuwa bado ameketi, mikono mapajani, anamtazama kaka yake usoni.

"Ngoja, wifi, anataka kunywa tu. Haya, kunywa." Aliweka kikombe mdomoni. Midomo ilikuwa imefungwa. "Kunywa, mume wangu. Si umeomba? Nakuomba, kunywa."

Maji yalimteremka Wembe kidevuni, yakaingia kwenye shati jeupe. Hakufungua mdomo. Macho yake yalikuwa kwa dada yake, na hakuna aliyeweza kusema yalikuwa yanaomba nini, au kama yalikuwa yanaomba.

Wifi aliinuka. Alimfuta kaka yake kidevu kwa kiganja, taratibu, akiepuka pale palipokatwa, akamrekebishia kola. "Uwe mzima, kaka," alisema. Aliyapita machungwa bila kuyagusa, akavaa viatu, akatoka.

Mama Pindo alibaki amesimama na kikombe. Alisikia hatua zikishuka ngazi mbili za nje, kisha kokoto za barabarani. Hapo mkono wa kushoto wa Wembe ukanyanyuka. Ulikitafuta kikombe, ukakipata, ukakivuta. Akanywa. Alikunywa kwa pupa, kwa sauti, kichwa nyuma, mpaka tone la mwisho, kama mtu aliyetoka kulima, kisha akabaki amekikumbatia kikombe kitupu kifuani.

Mama Pindo alikipokonya, akatoka mbio bila viatu. Barabarani watu wa Jumapili walikuwa wanapita na nguo zao nzuri. Mbele kabisa, karibu na kona, aliliona bega pana la wifi yake likienda.

"Amekunywa!" alipiga kelele, akikiinua kikombe juu. "Wifi! Amekunywa! Amekunywa yote!"

Watu walisimama wakamtazama. Mama mmoja alimvuta binti yake kando. Wifi hakugeuka, au hakusikia, alikata kona. Mama Pindo alitaka kumkimbilia, akapiga hatua tatu, akakumbuka kwamba Wembe yuko kwenye kiti peke yake na mkanda hakuufunga, na kwamba akiteleza hakuna wa kumnyanyua. Akageuka, akarudi nyumbani.